Nduwayezu Mpakani

Mvua za kwanza za mwaka 1994 zilipoanza, Kezia alishuka bondeni Kitahana na jembe begani, akamkuta mume wake amesimama shambani. Nduwayezu alikuwa amezikwa tangu kiangazi. Alivaa suti yake ya ibada, udongo umemfika magotini, na alisimama palepale ulipokuwa mti wa mpaka kabla mzee Harerimana hajaung'oa na kuuchomeka ndani ya shamba la mjane wake.

Kezia akaweka jembe chini, akapiga magoti na makofi ya taratibu, kama mke wa Kiha anavyomsalimu mumewe.

"Mwakeye, Baba Winnie."

Macho ya marehemu yalikuwa wazi, yakiufuata mpaka wa zamani hadi mtoni.

Kufika jioni kijiji kizima kilijua. Waliokwenda kuteka maji walisimama, wakampigia makofi, wakangoja aitikie, maana Muha haachi salamu katikati. Maji yakachelewa majumbani. Mchungaji akashauri kila mtu asalimie na kujiitikia mwenyewe, na ikawa hivyo.

Kipande kile cha bondeni alichokimega Harerimana ndicho kilichomlisha Kezia na binti yake Winnie vilima vilipokauka. Kezia akapeleka shauri kwenye baraza la wazee wa kanisa, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Harerimana. Wazee wakashuka shambani, wakamtazama marehemu mbele na nyuma. Hakuna aliyebisha kwamba ni yeye, wala kwamba mpaka ulikuwa hapo. Lakini shahidi sharti awe mshirika aliye hai, na huyu walikwisha kumuaga kwa nyimbo. Sala ya kaburini aliomba Harerimana mwenyewe.

"Mama Winnie, Mungu ni mvumilivu," mchungaji alimwambia.

"Najua, mchungaji, nami namngoja. Ila mtoto hajui kuingoja njaa."

"Subira yavuta heri, mama."

Heri ilivutwa kweli, ikapitia kwa Harerimana. Alipanda maharage ya kutambaa kipande kizima, na maharage hayajui mti wala mtu. Yalimpanda Nduwayezu suruali, yakamzunguka kiuno, yakamfika shingoni. Kila asubuhi Harerimana alimpigia makofi kwa heshima, akajiitikia, kisha akayafunga matawi kwenye mikono ya marehemu kwa kamba za migomba.

"Huyu anafaa kuliko miti," aliwaambia majirani. "Mchwa hawamli."

Jioni Kezia alikwenda kumwondolea mumewe majani usoni ili auone mpaka. Harerimana hakumkataza. Watu wakasema mzee yule ana moyo mzuri.

Maharage yalipokauka, Harerimana alijitwika kikapu cha kwanza akakipeleka kanisani kuwa malimbuko. Mchungaji akakiombea. Kwa desturi yao malimbuko hugawiwa wajane, na anayeanza ni mjane mpya, kwa hiyo Kezia akaitwa mbele ya wote. Akapiga magoti mbele ya Harerimana, akapiga makofi, akapokea bakuli kwa mikono miwili.

"Bwana amekukumbuka, Mama Winnie," mzee alisema, na alifurahi kwa dhati.

"Amina," Kezia akajibu, na kanisa zima likaimba.

Usiku ule maharage yaliiva upesi, kuni hazijaisha. Winnie alishika kijiko, mama yake akamzuia kwanza waombe.

"Bwana," Kezia alisema, macho ameyafumba, "mzee Harerimana umemvumilia sana, na mimi sikulaumu. Nivumilie na mimi basi, maana leo nimekushukuru kwa mdomo tu. Amina."

Winnie alimaliza sahani yake, akasema maharage ni matamu, akaomba mengine. Kezia akamwongezea.