Chembe Zilizokumbatiana

Niseme mapema: kiburi ndicho kilichoniponza. Miaka kumi na moja nipo maabara, na mimi ndiye niliyewatambia wanafunzi kwamba chembe sahani za damu kazi yake si kuziba jeraha tu. Ndizo walinzi wa kwanza. Zikikuta vijidudu huziita chembe nyeupe na kushikamana nazo, ndipo mahali pakavimba na kupata moto. Nilijua yote hayo, nikakosea hapohapo.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kupimwa afya kwa ajili ya kazi mpya. Mashine ikatoa chembe sahani elfu kumi na nne, kidogo mno. Kanuni yetu ni kwamba hesabu ikishuka hivyo, unatandaza damu kwenye kioo na kuitazama kwa darubini. Sikutazama. Niliiamini mashine, nikasaini. Daktari akaona kinga ya mwili wake inazila chembe zake yenyewe, akampa vidonge vya kuituliza hiyo kinga.

Wiki ya pili wifi akalazwa na jipu la mgongoni lililogoma kupona. Kinga imelazwa usingizi, nani angepigana na vijidudu?

Jumanne damu yake ikaletwa tena, safari hii nikatazama. Chembe sahani zilikuwa tele, zimezizunguka chembe nyeupe kama majirani kwa mfiwa. Dawa ya kuzuia damu isigande, ile ya kwenye kichupa, ndiyo iliyozishikanisha, na mashine haihesabu zilizoshikana. Mwilini mwake hazikuwa na neno. Wifi hakuwa mgonjwa hata kidogo mpaka tulipompa vile vidonge.

Nikanyamaza. Niliona haya, nikajiambia nitasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Mficha uchi hazai, nami niliuficha siku tatu. Ijumaa nikamwambia daktari. Alisimamisha vidonge palepale, akasema mgonjwa nimwambie mwenyewe.

Nilimkuta wodini amelala kifudifudi. Kabla sijafungua mdomo, akamwambia muuguzi kwamba huyu ndiye wifi yake aliyemwokoa kwa kuugundua ugonjwa wake mapema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamweleza yote, macho yangu sakafuni.

Hakupandisha sauti. "Ulijua lini?"

"Jumanne."

Akahesabu siku kwa vidole.

"Jumatano asubuhi ulikuja hapa," akasema. "Nilikuwa nimesahau vidonge. Wewe ndiye uliyenipa maji nikavimeza."