Fyuzi Mfukoni

Mtu wa miaka arobaini na miwili kuanza kazi ya kufundishwa, tena na binti mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano! Watu walisema mpaka wakachoka wenyewe. Yeye, aliyekuwa fundi cherehani tangu ujana, alijibu huku anacheka: elimu haina mwisho, na hii ya umeme analipwa huku anajifunza. Binti alimwita "kaka", naye alimwita "Fundi", na hakuna aliyeona haya.

Ijumaa hiyo mwezi wa majaribio ulikuwa unaisha. Akifaulu, jioni anatia saini mkataba wa miaka mitatu. Akishindwa, arudi kwenye pindo za suruali. Na kazi hii alikuwa anaitaka jamani, anaitaka kwelikweli!

Asubuhi Fundi alimwacha saluni peke yake abadilishe soketi za ukutani.

"Kaka, sheria ya kwanza?"

"Nikizima, nang'oa fyuzi naitia mfukoni, mtu asije akaniwashia nimeshika waya."

"Haya. Nisikukute na mfuko mtupu."

Soketi alizifunga zikakaa vizuri, zimenyooka kama vifungo vya shati. Akazipangusa, akajisifu kimoyomoyo. Msusi, mwenye saluni, alikuwa nje anapiga soga na jirani. Saa sita ikafika, nyumbani ni hatua chache, basi bwana akatokea mlango wa nyuma kwenda kula, roho kwatu.

Mezani akatoa leso afute jasho. Kitu kikadondoka, ko! kando ya sahani.

"Hicho nini?" mkewe akauliza.

Akalirudisha tonge sahanini. "Fyuzi. Mke wangu, nimekwisha."

"Hujaisha, umekaa. Kimbia!"

Alikimbia. Wateja watatu walikuwa wameketi chini ya mashine za kukaushia nywele, vichwa vimelowa, rola tele, midomo haina breki. Msusi alikuwa amempigia Fundi simu, na sasa anamfokea ana kwa ana. Fundi amekaa kwenye stuli, mkoba wa vifaa magotini.

"Fundi," alisema akihema, "kosa ni langu. Niliisahau mfukoni. Sina la kujitetea."

"Na huyu bosi wako!" msusi akadakia. "Nusu saa nzima amekaa! Fyuzi anazo humo mkobani, nimeziona kwa macho yangu, hataki kuweka hata moja!"

Bwana akamtazama Fundi, asielewe.

"Nimekuita, kimya. Nimekupigia, simu inalia kwenye mkoba wako, pale chini ya ngazi," Fundi alisema. "Nimechungulia mpaka darini. Sijakuona, wala sikujua uko wapi. Fyuzi uliyong'oa wewe, siirudishi mimi. Hivi vichwa vitakauka tu. Wewe je, ningekuamshaje?"

Mtu mzima yule machozi yalimlenga, wala hakuyaficha. Binti wa watu amekaa nusu saa anatukanwa kwa ajili ya roho yake!

Akairudisha fyuzi kwa mkono wake, akapima soketi moja moja, jambo ambalo alipaswa kulifanya kabla ya kula. Mashine zikavuma.

"Kazi isiyopimwa haijaisha," Fundi alisema, uso umekunjwa. "Ukirudia, cherehani inakungoja." Kisha akatoa mkataba na kalamu.

"Hata baada ya leo, Fundi?"

"Nionyeshe mfuko kwanza."

Akaugeuza nje mbele ya saluni nzima. Ulikuwa mtupu. Akatia saini.