Bwana Silikoni

Mgeni alifika Alhamisi asubuhi, Merrilee akiwa juu ya paa la gari-nyumba, amepiga magoti, anakwangua. Alisikia lori dogo likiingia kwenye ua wa Pruitt, mlango ukafunguka, kisha kimya. Hakugeuka. Alidhani ni Pruitt mwenyewe, mwenye shamba, amekuja tena kuuliza wataondoka lini.

"Habari za kazi huko juu," ikasema sauti ya mzee. "Samahani kuwakatiza. Hilo gari lilikuwa langu."

Merrilee akaacha kukwangua.

Chini, kwenye kiti cha kukunja, kaka yake Dwain alichomoa mpira wa oksijeni puani ili acheke vizuri. "Dada!" akaita. "Shuka upesi! Bwana Silikoni amejileta mwenyewe!"

Jina hilo walikuwa wamelitunga wao. Gari lile lilikuwa zee, la miaka arobaini na ushee, bati kwa nje na mbao kwa ndani, na paa lake lilikuwa limepakwa silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, kila mshono, tabaka juu ya tabaka. Silikoni ni kitu cha bafuni. Juu ya paa la gari-nyumba ni balaa, maana haidumu, na ikishakauka hakuna gundi nyingine itakayokubali kushika mahali ilipopita. Lazima uikwangue yote, kidogo kidogo, mpaka bati lionekane jeupe. Merrilee alikuwa akikwangua tangu majani yalipoanza kugeuka manjano, na kila alipokwangua alimtukana mtu asiyemjua. Sasa mtu huyo alikuwa amesimama pale chini, mzee mrefu aliyepinda mgongo, amevua kofia.

"Mzee," Dwain akasema, "hebu nieleze. Ulikuwa unaziba paa au unapamba keki?"

"Lilikuwa linavuja," mzee akajibu kwa unyoofu kabisa.

"Ukapaka."

"Nikapaka."

"Likaacha kuvuja?"

"Halikuacha."

"Ukafanyaje?"

"Nikaongeza."

Merrilee alicheka mpaka akalazimika kushika ngazi. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka.

Mzee aliitwa Orval Teague. Alikuwa akipita barabarani akaiona ile mistari ya kahawia ubavuni, akalitambua gari lake. Alikuwa ameliuza zamani kwa mtu aliyeliuza kwa mtu mwingine. Aliomba kuingia ndani, dakika moja tu, kama hatasumbua.

Ndani kulikuwa na mifupa mitupu. Nyuma, Merrilee alikuwa amebomoa kila kitu na kuanza upya: mbao mpya ukutani, sakafu mpya ya plaiwudi aliyoipigilia akiwa amelala kifudifudi. Sehemu moja tu ilikuwa bado haijaguswa, nayo ni jiko. Makabati ya mbao nyeusi, meza ya kazi ya rangi ya haradali, meko ya gesi, sinki dogo, na kimeza cha watu wawili chini ya dirisha. Orval alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya kimeza kile.

"Mke wangu Ardith yuko nyumba ya wazee, mjini," akasema bila kugeuka. "Kumbukumbu zimemtoka. Siku nyingine hanijui. Lakini kila jioni ananiuliza, lini tunarudi jikoni kwetu? Nikampeleka nyumbani, jikoni kwetu. Akatazama, akasema, siyo hili. Nilihangaika sana, mama. Leo nilipoona gari ndipo nikaelewa." Akagonga kimeza kwa kidole. "Majira ya joto yote ya maisha yetu tulikula hapa."

Dwain, aliyekuwa mlangoni akivuta mpira wake mrefu nyuma yake, hakuwa na mzaha tena.

"Jiko hili mtalibomoa lini?" Orval akauliza.

"Leo," Merrilee akasema. "Mchana huu."

Na ilikuwa kweli. Ukuta ulio nyuma ya makabati ulikuwa umeoza kama mkate uliolowa, ukibonyeza unaingiza kidole. Hapo juu yake ndipo palipobaki ukingo wa mwisho wa paa, na ukingo haufungwi kwa skrubu kwenye mbao iliyooza. Ilibidi jiko litoke, mbao mpya ziingie, ukingo ufungwe, gundi ya kweli ipakwe pakiwa pakavu. Baada ya hapo mvua ingekuwa na ruhusa ya kunyesha.

Orval aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia. "Basi, sawa," akasema, na akaanza kutoka.

Lile neno sawa ndilo lililomshinda Merrilee. Lilisemwa na mtu aliyezoea kulisema.

"Mlete," akamwambia. "Unaweza kumleta kesho?"

"Wanamruhusu kutoka Jumapili tu. Baada ya chakula cha mchana."

Utabiri ulisema kutakuwa kukavu mpaka Jumanne. Alikuwa ameukariri asubuhi hiyo kama anavyoukariri kila asubuhi. "Basi Jumapili. Sitaligusa jiko mpaka Jumapili. Nakuahidi."

Mzee alipoondoka, Dwain alirudisha mpira puani. "Huyo ndiye mtu uliyeapa kumsukuma toka juu ya paa," akasema.

"Nyamaza."

"Najaribu kukumbusha tu."

Dwain hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo lilimtisha Merrilee kuliko kikohozi chake. Mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na vumbi la kiwanda cha mbao, na nyumba waliyokuwa wakipanga ilikuwa na ukungu uliopanda kuta mpaka dari. Daktari alisema bila kuzungukazunguka: masika mengine ya Oregon ndani ya chumba chenye unyevu, sitegemei tuonane tena. Kisha hata nyumba hiyo ikawaponyoka. Mwenye nyumba alikuwa amewaahidi wakae mpaka majira ya kuchipua; akaja siku moja na tabasamu la aibu akasema, mambo yamebadilika. Maneno hayo hayo meneja aliyasema siku kiwanda kilipofungwa. Mpwa wao aliyewaahidi chumba huko Idaho naye aliyasema, kwa simu.

Ndiyo sababu wakawa hapa, kwenye ua wa shamba la miti ya Krismasi, kwa hisani ya Pruitt, na hisani hiyo ilikuwa na mwisho. Wakata miti wakija mwezi wa Novemba, malori yangeujaza ua na gari-nyumba lingepaswa kuwa limeondoka. Dwain alilala humo ndani, kwenye kile kipande cha nyuma kilichokauka, mashine ya oksijeni ikinguruma kwa umeme wa kuazima kutoka bandani. Merrilee alilala kwenye hema. Kama gari lingekauka na kufungwa kabla ya mvua, wangeshuka nalo kusini, jangwani, mahali ambapo mtu anaweza kuvuta pumzi. Kama halikufungwa, hakukuwa na mahali pengine. Alikuwa amekwisha kupafikiria kote.

Ijumaa alifanya kila kisichohusu jiko. Alikwangua ile silikoni ya mwisho, ukingo wa juu ya jiko ukabaki uchi. Alijua anachokifanya: kwa ubaya wake wote, silikoni ile angalau ilizuia nusu ya mvua. Sasa hapakuwa na kitu cha kuzuia chochote.

Jumamosi asubuhi utabiri ukageuka. Mvua kubwa na upepo toka baharini, kuanzia usiku.

Dwain alikuwa amekwisha kuona kwenye simu yake. Alikuwa ameketi mlangoni na nyundo mapajani.

"Sijui kama nitaweza kugonga hata mara kumi," akasema, "lakini nitagonga. Tukianza sasa hivi, jioni tumefunga."

"Nimeahidi, kaka."

"Umeahidi kukiwa na jua! Merrilee, sikiliza. Mama wa watu hatakumbuka. Utampa jiko Jumapili, Jumatatu litakuwa limefutika. Mimi hiyo Jumatatu nitakuwa hapa nakohoa, na nitakumbuka vizuri sana."

Alikohoa hapo hapo, si kwa makusudi, na hilo likafanya iwe vibaya zaidi. Merrilee alisubiri amalize. Alimpa maji. Kisha akachukua simu, akaenda kusimama katikati ya miti midogo iliyopangwa safu safu, akampigia Orval.

"Mzee, kuna mvua inakuja. Huwezi kumleta leo? Asubuhi hii?"

"Ngoja niwaulize." Alisubiri sana. Akasikia sauti za mbali, mlango, mtu akikataa kwa upole. Orval akarudi. "Hawawezi leo, hakuna wa kumwandaa. Bomoa, mama. Nimeona hali ya hewa hata mimi. Usijisikie vibaya. Mambo hubadilika."

Merrilee alifungua kinywa kusema asante. Ndiyo, hilo ndilo alilolipigia simu. Alikuwa ameachiliwa huru, na kwa hekima kabisa, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Akaangalia kule uani, Dwain ameinama mlangoni na nyundo yake. Ilitosha kusema neno moja. Lakini alikuwa ameyasikia maneno yale mawili mara nyingi mno, na hakuwahi kuyasikia yakitoka kwenye kinywa cha mtu anayeumizwa, anajisemea mwenyewe kabla ya kusemewa.

"Hapana," akasema. "Hayajabadilika. Mlete kesho."

Alikata simu akalia palepale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akarudi akamwambia Dwain. Dwain aliweka nyundo chini taratibu, akageuza kiti chake akaelekea ukutani.

Siku nzima Merrilee alihangaika na turubai. Alilitandika juu ya ukingo ule wazi, akalifunga kwa kamba kwenye magurudumu, akalikandamiza kwa mbao na matairi. Usiku upepo ulikuja ukaanza kulichezea. Kulipopambazuka, maji yalikuwa yametambaa kutoka ukuta wa jiko hadi nyuma, na sakafu yake mpya, ile aliyoipigilia kifudifudi, ilikuwa imeanza kuvimba kwenye maungio. Alikanyaga ikalia kama sponji. Dwain alikuwa amejikunja kitandani, blanketi hadi shingoni, na kila pumzi ilikuja na filimbi yake.

"Usiniombe radhi," akasema kabla Merrilee hajaanza. "Nikikujibu nitasema jambo baya."

Walifika baada ya chakula cha mchana. Ardith alikuwa mwanamke mdogo aliyevaa koti la mvua la waridi, ameshikwa mkono na mumewe. Alipanda kidaraja, akasimama ndani, akatazama zile mbao tupu za nyuma na mwanamume asiyemjua aliyelala hapo.

"Orval," akasema, "nani ameondoa kitanda?"

"Kinatengenezwa."

"Aa." Akageuka upande wa jiko, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Kulikuwa na droo ambayo Merrilee alikuwa ameshindana nayo tangu anunue gari lile. Haikufunguka hata kwa bisibisi. Ardith aliiinua kidogo kwa goti, akavuta. Ikafunguka. Ndani kulikuwa na kitambaa cha vyombo, kikuu, chenye mistari. Akasikiliza mvua. Akakikunja kitambaa kirefu kirefu, akakilaza kwenye kona ya dirisha, pale pale ambapo tone la kwanza lilikuwa linajitayarisha kuanguka.

"Umepaka?" akamwuliza mumewe.

"Nimepaka," Orval akasema, macho yamemjaa.

"Basi litavuja."

Kitandani Dwain alitoa sauti. Merrilee alidhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko, kisha kikawa kikohozi kweli, kirefu. Ardith alimgeukia kwa ukarimu wa mwenye nyumba.

"Mgeni wetu ana kifua. Kahawa itamsaidia. Vijiko vingapi vya sukari, baba?"

Dwain alimtazama dada yake. Akajiinua kwa viwiko, akajipapasa nywele kama mtu aliyekaribishwa ugenini. "Viwili, mama," akasema. "Kama hutajali."

Orval aliwasha meko. Birika likaanza kuimba. Ndipo upepo ukapiga, turubai likanyanyuka kwa kishindo, na maji yakamwagika kwa mfululizo juu ya kimeza, karibu na mkono wa Ardith. Mama yule akashtuka. Akatazama huku na huku, na Merrilee akaona uso wake ukianza kupotea, kama wa mtu asiyejua tena yuko wapi.

Merrilee akatoka mbio. Alipanda ngazi bila koti, akaikamata pembe ya turubai iliyochomoka, akailalia kwa kifua na mikono yote miwili juu ya ule ukingo alioukwangua mwenyewe. Kamba ilikuwa imekatika. Hapakuwa na kitu kingine cha kulishikilia ila yeye. Maji yalimwingia shingoni, yakatokea miguuni.

Kwa kuinamisha kichwa aliweza kuona dirishani. Tone lilikuwa limekatika. Ardith alikuwa ameketi tena, anamimina: kikombe cha mumewe, kikombe cha mgeni mwenye kifua, kikombe chake. Anaeleza jambo kwa mikono, na wanaume wawili wanamsikiliza. Nyuma yao Merrilee aliiona sakafu, maji yametuama juu yake, na alijua ataing'oa yote, na kwamba hapatakuwa na siku kavu za kuirudisha kabla ya malori ya Pruitt. Alijua pia jina la kile kitakachoota chini yake: ukungu.

Ardith aliinua macho akamwona mtu mvuani, juu ya paa. Akachukua kikombe cha nne, akakijaza, akakiweka dirishani kwa ndani, kwa ajili ya fundi wa paa.

Mvuke ulipanda kwenye kioo, ukapungua, ukaisha. Kahawa ilipoa pale. Hakuna aliyesema muda wa kuondoka umefika, na Merrilee hakuliachia turubai.