Simu Isiyotoka Iringa

Edmund, meneja wa yadi ya malori pale Mbeya, aliipenda sheria yake kama mtu anavyoipenda nyumba aliyojijengea. Ilikuwa fupi: gari wala dizeli haitoki bila simu ya makao makuu, Iringa. Simu ikitoka kwingine, kata. "Hata nikipiga mimi mwenyewe," alimwambia Verediana, mpokea simu mpya, "kata."

Hakuitunga bure. Mwezi uliotangulia mjanja mmoja alipiga kutoka Tunduma akajifanya ndiye Edmund, na Saulo, mpokea simu wa zamani, akaruhusu mapipa ya dizeli yapakiwe. "Ndugu Meneja, sauti ilikuwa yako kabisa!" Saulo alilia. Mtu mzima gani huyo wa kudanganywa na sauti? Edmund alimfukuza siku hiyohiyo. Tangu hapo opereta wa posta alitakiwa kutaja kwanza simu inatoka wapi, ndipo Verediana aamue.

Sasa Edmund mwenyewe alikuwa posta ya Chunya, jasho linamtiririka. Mkewe, Roza, alishikwa na uchungu njiani wakitoka kwa wakwe Makongolosi, na mtoto amekaa vibaya. Mganga wa zahanati alisema apelekwe Mbeya akapasuliwe, na gari hakuna. Landrova ya kampuni ilikuwa imeegeshwa Mbeya, tangi limejaa.

"Mbeya, simu ya Chunya hii," opereta akasema.

"Chunya si Iringa," Verediana akajibu, akakata.

Edmund akaomba laini tena. Watu wa foleni nyuma yake walianza kuguna.

"Usikate! Verediana, ni mimi Edmund. Roza anakufa huku. Nitumie Landrova."

"Piga Iringa, Ndugu Meneja, wao wanipigie mimi."

"Laini ya Iringa haipatikani! Sauti yangu huijui?"

"Naijua. Hata Saulo aliijua."

Hasira ilimpanda Edmund, kisha ikamtoka yote, ikabaki hofu tupu. Angemwamuru nini, na amri yake mwenyewe ndiyo iliyomfungia nje?

"Mwanangu," alisema, na umeneja wote ulikuwa umemwisha, "nakuomba."

Kwenye simu alisikia kiti kikisukumwa kule Mbeya na Verediana akimwita dereva kwa kelele. Baada ya muda akarudi, anahema.

"Gari limetoka, Ndugu Meneja. Ila nimevunja sheria yako, na mama yangu kule Tosamaganga ananitegemea mimi. Kesho nije kazini, au ndiyo nimefukuzwa?"

Foleni nzima ilikuwa imetega masikio.

"Njoo," Edmund akasema. "Na umpitie Saulo. Mwambie arudi, mwambie nilimwonea."

Jioni ile Roza alipasuliwa, akapona, na mtoto naye akapona. Saulo alikataa kurudi.