Gari Linalopimwa Mkojo

Binti yangu hapimi homa yake mwenyewe, hata awe anawaka kama jiko. Lakini gari haliwashi kabla hajalipima mafuta. Anachota kidogo tenkini, anamimina juu ya maji katika kibomba cha kioo chenye mistari, anaziba kwa kidole gumba, anatikisa, kisha anakisimamisha na kungoja. Ethanoli hupenda maji kuliko inavyopenda petroli. Huiacha petroli juu, ikashuka kukaa na maji, na mstari unaoyatenganisha hupanda. Ukipanda sana, ethanoli ni nyingi. Ukipanda kidogo, kuna mtu katia petroli.

Kaka yangu, mwenye gereji na mwenye gari, alikuwa hachoki kumtania. "Mpwa wangu, mgonjwa ametoa mkojo leo?" Mafundi wakavunjika mbavu. Wao ndio waliompa jina la Nozeli, maana wiki aliyoanza kazi alizifungua nozeli zote za gari la mteja, zile zinazopuliza mafuta injinini, akazisafisha na kuzipanga juu ya gazeti kama meno ya bandia. Jina likamganda. Hata mimi namwita hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la milango miwili, la zamani. Kaka alilipenda tangu ujana wake na akalifunga turbo kwa mikono yake. Kwake mafuta ni petroli, basi. Ethanoli ni pombe ya miwa, na mlevi hapewi usukani. Nozeli alimweleza kwa miezi, bila kupandisha sauti, kwamba ethanoli huipoza injini inapoingia, kwa hiyo turbo inaweza kusukuma hewa zaidi na cheche ikawahi, na injini isigonge kwa mafuta kuwaka kabla ya wakati. Ila inanyweka haraka, kwa hiyo pampu iwe kubwa, nozeli ziwe kubwa, na mipira iwe ile isiyooza. Alibadilisha kimoja baada ya kingine. Jioni alikaa ndani ya gari na kompyuta mapajani, akipanga upya kiasi cha mafuta na saa ya cheche, mpaka sauti ya injini ikabadilika. Mimi si mtu wa magari, lakini niliisikia. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akiimba puani, sasa kafungua kinywa.

Kaka akakubali gari likashindane kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ambapo magari hukimbia moja moja na kupimwa kwa saa. Sharti lake alilisema mezani kwangu, akiwa bado anatafuna.

"Injini ikivunjika, unatoka gereji kwangu. Tafuta kazi ya ofisi. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu," Nozeli akamalizia. "Nimesikia, Mjomba."

Sikumtetea. Nina stashahada ya ugavi, nimesimamia stoo tangu nilipotoka chuo, na najua anayekuazima kitu cha thamani ana haki ya kuweka sharti. Nilichofanya ni kulisimamia pipa la ethanoli. Lilikaa stoo ya nyumbani kwangu kwa sababu gereji ina wavuta sigara, na nilipiga marufuku kifuniko kuachwa wazi, maana ethanoli hunyonya unyevu wa hewa. Hata hivyo ua wote ulinuka kilabu. Jirani aliniuliza kwa upole kama kuna mtu nyumbani anayehitaji kuombewa.

Asubuhi ya mashindano, kaka alitangulia na gari juu ya lori. Nilipofika na Nozeli nilimkuta akifuta mdomo wa tenki kwa leso yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uji. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe analiona lake na la mpwawe.

Nozeli akatoa kibomba. Watu wa magari mengine wakaja kutazama, na kaka akawapa ule utani wake wa mkojo, wakacheka. Binti yangu alitikisa, akangoja. Mstari ukasimama chini sana. Akarudia upya. Ukasimama palepale.

Aliangalia nyuma ya lori. Palikuwa na dumu la petroli, tupu, kifuniko kando. Nami nikaliona. Nikaelewa kila kitu: Nozeli aliacha tenki nusu makusudi ili gari liwe jepesi, na kaka, aliyeambiwa kwamba ethanoli hunyweka haraka, akaogopa mtoto ataishiwa katikati mbele ya watu. Akamjazia. Petroli ya bei ghali, kwa upendo wote.

Pipa lilikuwa nyumbani. Zamu ya Nozeli kukimbia ilikuwa inakaribia. Kwa mpangilio ule wa cheche na mchanganyiko ule, injini ingegonga mpaka pistoni zitoboke. Nikafungua mdomo nimtaje mkosaji. Nozeli akanigusa mkono.

"Mama, nishikie hiki," akasema, akanipa kibomba.

Akaingia garini na kompyuta yake. Akapunguza pumzi ya turbo, akachelewesha cheche, akapunguza mafuta. Kisha akaenda kwenye mstari.

Gari lilikimbia vizuri, si kwa ajabu. Halikuimba. Kijana wa gari jeusi, aliyemshinda kwa sekunde nyingi, alipaza sauti kwamba pombe imekwisha nguvu, na watu wakacheka. Nozeli akashuka akicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nimekiminya kile kioo mpaka nikaogopa kitapasuka.

Kaka hakucheka. Alimuuliza kwa nini hakukanyaga.

"Nimekanyaga, Mjomba. Nimepunguza nguvu tu. Mafuta ya leo hayakuweza ule mpangilio."

 Macho yake hayakwenda hata kwenye lori. Yaliyokwenda ni ya kaka mwenyewe. Akalitazama dumu, akanitazama mimi na kibomba mkononi, akautazama ule mstari. 

Akachukua spana, akafungua boneti, akatoa plagi moja ingali ya moto kwa ile leso. Akavaa miwani, akaigeuza juani. Fundi husoma plagi kama daktari anavyosoma ulimi: injini iliyogonga huacha vidoadoa. Ile ilikuwa safi. Akatoa ya pili. Safi.

"Mimi ningekanyaga," akasema polepole. "Ningekanyaga na ningeivunja."

Kisha akamwambia kwamba sharti lilikuwa injini, halikuwa ushindi, na guu halijavunjika. Akachomoa ufunguo wa gari kwenye kishada chake, akamwekea kiganjani. Mashindano yajayo pipa lingepanda lori pamoja nao, na yeye asingegusa kifuniko.

Nozeli akautia ufunguo mfukoni, akaniomba kibomba chake. Kaka akawahi kukichukua kwangu. Akakiosha mwenyewe.