Jicho la Akina Tveit

Baba yangu, Daktari Halvard Tveit, amekuwa akiwang'oa meno watu wa mji wetu wa Duluth, Marekani, tangu enzi alipokuwa na nywele, na kwa sababu hiyo anaamini hakuna umbo duniani linaloweza kumdanganya. Anasema ni jicho la ukoo. Babu alikuwa nalo, yeye analo, na mdogo wangu Eirik lazima awe nalo, apende asipende. Mimi nilipofaulu mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno, alisema nimebahatika.

Zamu ya Eirik kuufanya mtihani huo ilipokaribia, sehemu ya maumbo ilimtoa jasho. Unaonyeshwa picha ya karatasi iliyokunjwa ikatobolewa, nawe useme ikikunjuliwa matundu yatakuwa wapi. Karatasi yenyewe hushiki. Unakunja na kukunjua kichwani.

Jumapili moja, theluji imeziba mlango wa gereji, Baba aliisukuma sahani yake ya viazi na nyama ya kusaga, akamnyang'anya Eirik kitabu cha mazoezi.

"Lete hapa. Mchezo wa chekechea huu unakukosesha usingizi?" Akalitupia swali jicho moja. "Imekunjwa mara mbili, imetobolewa mara moja. Matundu manne. Kwisha."

"Mawili," nikasema.

"Signe, kula chakula chako."

"Mawili, Baba. Kunjo la pili ni la pembe tu, na tundu lipo pale ambapo pembe haikufika. Hapo kuna tabaka mbili."

"Mimi nasafisha mizizi ya meno nisiyoiona, halafu wewe unifundishe kukunja karatasi?"

Eirik akafungua kurasa za majibu. Mawili.

"Wamekosea kuchapa," Baba akasema bila haya.

Nikampa karatasi akunje mwenyewe, asije akadai nimemfanyia kiinimacho. Akakunja nusu, kisha pembe, kama ilivyo kwenye picha. Eirik akatoboa kwa jino la uma. Baba akaikunjua. Matundu mawili. Akaigeuza, akaiinua dirishani kwenye mwanga, akawa anayatafuta yale mengine kama mtu aliyeangusha funguo kwenye theluji.

"Karatasi yenyewe nyepesi mno," akasema.

Eirik alicheka mpaka akapaliwa. Maisha yake yote sikuwahi kumsikia akimcheka Baba.

"Kumbe na wewe huoni! Nami nilidhani ni mimi tu niliyezaliwa kipofu."

"Mjinga we, nimechoka tu leo."

"Dada, nifundishe," Eirik akaniambia, machozi ya kicheko bado shavuni.

"Ukimfundisha kwa makaratasi utamharibu!" Baba akanionya. "Kipaji hakifundishwi."

Basi tukakaa mezani jioni baada ya jioni. Eirik alikisia kwanza, ndipo akakunjua. Mwanzoni alikosea vibaya, akazifinyanga karatasi na kuzitupa ukutani. Taratibu akaanza kupatia, na siku moja akalijibu swali gumu huku amefumba macho. Baba alikuwa akipita nyuma yetu akiguna, kana kwamba namvalisha nepi mwanamume mzima.

Siku ya mtihani nilimsubiri kwenye gari. Matokeo hutokea kwenye kompyuta ukimaliza tu. Alitoka mbio, koti halijafungwa, akagonga kioo.

"Kwenye maumbo ndiko nilikopata alama za juu kuliko kote!"

Tulikumbatiana kupitia dirishani. Kisha, kwa kuwa Eirik ana moyo mzuri kuliko mimi, akaingia garini akampigia Baba.

"Nilisema au sikusema?" sauti ya Baba ikalijaza gari. "Damu hiyo! Hilo ni jicho langu! Ungenisikiliza tangu mwanzo usingepoteza muda na makaratasi ya dada yako. Mimi wakati wangu—"

Eirik akaniangalia. Akaiweka simu taratibu kwenye kiti cha nyuma, Baba bado akijisifu humo peke yake, nami nikawasha gari twende kula.