Chombo Hakitoki Kitupu

Acom hakuwahi kutia mkono ndani ya kikapu. Hilo ndilo lililompita kwa miaka mitatu, na baadaye alilikiri bila kujitetea. Vikapu alivipima kimo na upana, akavipiga picha katika mwanga wa asubuhi, akatafuta majina ya rangi ambayo mnunuzi wa mbali angeyaelewa. Lakini vilimfikia vifuniko vikiwa vimekwisha kufungwa kwa uzi mwekundu, na kwa kuwa uzi ule ulipendeza pichani, hakuona sababu ya kuufungua. Hata mteja mmoja wa Denmark alipomwandikia kumshukuru kwa "zawadi ndogo iliyokuwa ndani," Acom alidhani anazungumzia kadi ya shukrani, akamjibu kwa adabu kwamba si kitu.

Vikapu hivyo vilisukwa katika kijiji cha Kwapa, mashariki mwa Uganda, na wanawake sita waliokuwa chini ya Alungat, dada mkubwa wa mama yake Acom. Acom mwenyewe aliishi Tororo mjini, akiviuza kwenye soko la mtandaoni, na kila vilipopata mnunuzi alivipeleka Busia, upande wa Kenya, kwa wakala aliyeitwa Ojiambo. Ojiambo alikusanya mizigo ya wauzaji wadogo, akaijazia fomu na kuisafirisha ng'ambo. Kazi ilikwenda vizuri, isipokuwa mizigo miwili ya Australia ambayo haikufika, wala hakuna aliyeeleza ilikokwamia. Wasimamizi wa soko walimwonya Acom: lalamiko la tatu, na duka linafungwa. Kwa hiyo mwenye duka mmoja wa Perth, Australia, alipoagiza vikapu vinane kwa mpigo, Acom alivifungasha kama anayepanga mayai.

Wiki ya tano alipokea picha ya barua. Mnunuzi alikuwa ameletewa barua hiyo na wakaguzi wa mizigo wa nchi yake badala ya vikapu. Ilisema, kwa mistari mitatu, kwamba mzigo ulikutwa na mbegu zisizoruhusiwa na umeteketezwa. Chini yake mnunuzi aliongeza kwamba anasikitika, lakini hakuwa na budi kulalamika.

Mbegu! Acom aliisoma barua akiwa amesimama, damu ikimpanda kichwani. Yeye anauza vikapu. Mbegu zilitoka wapi? Kisha akajiambia kwamba jibu analo, kwa maana hakuna mtu wa mpakani asiyejua jinsi magendo yanavyosafiri: mwenye kitu chake cha kuficha hutafuta mzigo wa mtu mwaminifu, akakipenyeza humo. Na mizigo yake ilipita katika mikono ya mtu mmoja tu.

Alifika Busia kabla ya adhuhuri. Hakusalimu.

"Umenifanyia nini, Ojiambo?"

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Ojiambo aliinua macho kutoka kwenye mizani.

"Dada Acom. Habari ya Tororo kwanza."

"Tororo haikukutuma unitilie mbegu za watu kwenye mzigo wangu!"

"Leo kuna kazi," alisema Nerima, muuzaji wa viatu vya shanga, akaketi vizuri juu ya furushi lake asije akapitwa na neno.

Ojiambo aliichukua simu aliyonyoshewa, akaisoma barua mara mbili. Acom alimngoja akane. Badala yake Ojiambo alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Si hii ni ile wimbi yenu tu? Ile ya kwenye kitambaa?"

"Wimbi gani?"

"Dada, usinicheze. Kila kikapu chako kina wimbi, ulezi wa uji. Konzi moja, imefungwa kwa kipande cha kitenge, iko chini kabisa. Mimi hufungua kila mzigo. Hapa mpakani ukibeba usichokijua, utakuja kukijulia jela."

"Miaka mitatu unaona, na unanyamaza?"

"Ningesema nini? Nyanya yangu kule Samia hajawahi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Akikosa kitu hutia hata chumvi. Nikasema, hawa watu wana adabu zao. Nikafunga ule uzi vilevile nilivyoukuta. Ama sikufunga vizuri?"

"Na kwenye fomu uliandika nini?"

Ojiambo aliitazama kalamu yake. "Vikapu vitupu."

"Vitupu!"

"Si wewe uliniambia hivyo? Na fomu yenyewe, dada, haina mahali pa kuandika baraka."

"Ina mahali pa kuandika ukweli! Uliona kilichomo, ukaandika hakimo, ukapiga muhuri. Na jina lililo chini ya uongo huo ni langu, si lako!"

"Hapo amekupata, Ojiambo," alisema Nerima.

Ojiambo alimrudishia simu. Acom aliipokea, akavuka mpaka akashika njia ya Kwapa, hasira yake ikiwa imepata mwenyewe mwingine.

Alimkuta Alungat ukumbini, akichambua mkonge uliotiwa rangi ya zambarau.

"Mama, ni wewe unayetia wimbi kwenye vikapu?"

"Ni mimi. Ulidhani ni panya?"

"Wameviteketeza. Vyote vinane. Kwa sababu ya wimbi lako."

Alungat aliuweka mkonge chini polepole. "Wamechoma vikapu?"

"Vikapu na wimbi."

"Wimbi wamelitia motoni?" Sauti yake ilishuka, na Acom, aliyemjua tangu utotoni, alitamani ingepanda. "Chakula? Watu wazima, wenye akili zao, wamewasha moto wakatia chakula?"

Acom alianza kueleza. Alieleza habari za wadudu na magonjwa ya mimea, mashamba ya watu na sheria za nchi, na alipofika katikati alitambua kwamba alikuja kugomba na sasa anawatetea waliomchomea mali.

"Wangelirudisha," alisema Alungat. "Wangewamwagia kuku. Au hawafugi kuku?"

"Ungeniambia, Mama."

"Nikuambie nini? Umezaliwa hapa. Ni lini uliona chombo kikitoka katika nyumba hii kitupu? Kumpa mtu chombo kitupu ni kumwombea njaa. Nilidhani unajua. Kumbe miaka yote hii, kwa nia yako, ulikuwa ukiwatumia wageni njaa, tena kwa nauli yao wenyewe!"

Alungat aliinyoshea kidole simu ya Acom.

"Picha za mikono yangu unazo ngapi katika simu hiyo?"

"Nyingi."

"Nyingi. Na hata siku moja hukuuliza mikono hiyo inafunga nini."

Neno hilo lilimchoma zaidi ya barua ya Australia, kwa sababu juu kabisa ya ukurasa wake wa mtandaoni Acom alikuwa ameandika, kwa herufi za kupendeza, kwamba kila kikapu kinabeba simulizi la mwanamke aliyekisuka. Aliandika hivyo bila kufungua hata kimoja. Wanawake sita walikuwa wakizungumza na wateja wake kwa lugha ya wimbi. Ojiambo aliyasikia mazungumzo, mteja wa Denmark aliyasikia, na mwenye duka peke yake ndiye aliyekuwa kiziwi. Hata hivyo hasira yake haikuzimika. Kama ule mzigo wa kwanza wa Australia nao ulichomwa, kwa nini hakuna aliyemwandikia mstari mmoja? Mtu angemwambia "mbegu" mara moja tu, na mizigo miwili iliyofuata ingenusurika.

Wasimamizi wa soko walimpa siku saba za kujieleza. Ilikuwa rahisi kumtupia Ojiambo lawama zote, kwani muhuri ulikuwa wake. Acom aliandika akiwa ameketi pale pale ukumbini, akimsomea Alungat kila sentensi kwa Kiteso: kwamba wimbi lilitiwa kwa heshima, kwamba fomu ilisema uongo, kwamba jina lililo chini ya fomu ni lake naye hakuwa ameangalia.

"Waandikie pia kwamba kuchoma chakula ni aibu," alisema Alungat.

"Mama, hawa sio waliochoma. Hawa ni wa soko."

"Basi wawafikishie."

Acom aliandika hilo nalo, akalitafsiri kwa uangalifu, bila kulipunguza makali.

Duka lilifungwa kwa miezi mitatu. Vikapu vilirundikana ukumbini, na wasukaji wawili wakarudi kulima vibarua. Barua ya wasimamizi ilisema kwamba ukweli wake ndio uliowazuia kulifunga moja kwa moja. Kuhusu chakula kuchomwa hawakusema lolote, jambo ambalo Alungat huliuliza hadi leo.

Siku duka lilipofunguliwa tena, Alungat alileta chungu kikubwa, kile kilichokuwa cha kunywea ajono, pombe ya wimbi, siku za sherehe, akakiweka katikati ya ukumbi.

"Kama hawataki fungu lao liwafikie," alisema, "litawangoja hapa."

Sasa vikapu hufungashwa Kwapa. Kila msukaji huleta konzi yake ya wimbi, hutaja jina la mtu anayepelekewa kikapu, kisha huimimina chunguni mbele ya wenzake. Chungu kikijaa, husaga na kunywa uji pamoja. Fomu husomwa kwa sauti, kwa Kiteso, kabla ya kutiwa saini, na Ojiambo haandiki neno ambalo Acom hajalisoma. Mizigo minne imekwisha kufika Australia. Na kabla uzi mwekundu haujafungwa, Acom hutia mkono ndani ya kila kikapu, hadi chini.